Majani na Vidonda: Hotuba ya Walimu wa Dini Siku ya Pili ya Yubili



Tulipopata habari ya kwamba siku ya pili ya Yubili walimu wa dini nao watasema, tulidhani tutaombwa kusimulia mwanzo wa misioni na majina ya watu waliobatizwa kwanza. Mambo hayo wengine wameyasimulia vema jana. Sisi tumeombwa kusema juu ya vidonda, na juu ya majani na maji ya miti ambayo watu wetu huyatia katika vidonda. Labda wako watakaocheka. Walakini mwalimu wa dini ndiye mtu wa kwanza aonaye mguu uliofungwa kitambaa. Padre huja kigangoni kwa zamu, zahanati iko mbali, nasi twakaa pale pale. Watu wakipiga magoti kusali nyayo zao huelekea nyuma, na mwalimu apitaye nyuma kuwatuliza watoto huziona zote.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Kwa miaka mingi sisi walimu, hata sisi wa siku hizi tuliosoma katika shule za misioni, tulichanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Liko jambo la ramli na hirizi na kuwashitaki jirani kwamba ni wachawi. Na liko jambo la jani lililotwangwa na kuwekwa juu ya jeraha. Tulipolikataza la kwanza, tukalikataza na la pili, maana mara nyingi mtu aliyefanya yote mawili alikuwa mmoja, na mfuko wake ulikuwa mmoja. Hatukukumbuka hata maana ya neno lenyewe. Kuganga ni kufunga na kuunga kitu kilichovunjika. Hata fundi akiunga mpini uliopasuka, wazee husema ameuganga. Neno hilo halina shetani ndani yake.

Katika kigango kimoja alikuwako mzee mmoja, mkulima wa iliki, aliyejikata kwa panga chini ya goti. Mkewe akamtwangia majani, akamfunga. Jumapili moja mwalimu akaona jani limetokeza chini ya kitambaa, naye akalitaja mbele ya watu wote, akasema kwamba Mkristo hachezi na mambo ya giza. Mzee hakujibu neno. Tangu siku ile hakuonekana tena kanisani. Aliendelea kutia majani usiku, wala hakwenda zahanati, kwa kuwa alifikiri muuguzi naye, aliye Mkristo, atamwaibisha vivyo hivyo. Baada ya miezi minne mguu wake ulikatwa hospitalini. Madaktari walipompima damu waliona kwamba alikuwa na kisukari, ugonjwa uzuiao vidonda kupona, naye hakujua. Kama angalikwenda katika juma la pili au la tatu, yamkini angalikuwa na miguu miwili leo. Majani hayakuukata mguu ule, wala yasingaliuponya. Kilichouharibu ni muda uliopotea kwa ajili ya aibu. Mwalimu aliyesema maneno yale ni mmoja wetu, naye ameshiriki kuiandika hotuba hii.

Wala hatukuwa na haki katika Maandiko. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, awaweka waganga na watengenezaji wa dawa mahali pa heshima, na dawa zitokazo ardhini azihesabu kuwa kazi ya Mungu. Nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Msamaria wa Injili ya Luka alitumia mafuta na divai. (Hapa twaomba ruhusa kwa neno dogo la pembeni. Katika lugha za Ulaya yasemwa kwamba Nikodemo alileta manemane na aloe kwa maziko ya Bwana, na wengine wetu tumefundisha kwamba aloe hiyo ni mshubiri wetu. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version yasema uudi, na wataalamu wengi waona hivyo ndivyo: ulikuwa mti wenye harufu nzuri kutoka mashariki ya mbali. Mshubiri una sifa zake, hauhitaji kuazima za uudi.)

Yafaa kwanza kujua kidonda hupona namna gani, maana mwili ndio ujiponyao, na dawa ni msaidizi tu. Mtu akijikata, damu huganda na kuziba mlango. Kisha mahali pale huvimba na kupata joto, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimekuja kula vijidudu na nyama iliyokufa. Baada ya siku chache nyama mpya huota, nyekundu na yenye punje punje kama ndani ya komamanga, na ngozi hutambaa juu yake kutoka kandoni. Mwisho kovu hukaza polepole, kwa miezi mingi, hata mwaka mzima; walakini halirudi kamwe kuwa na nguvu zote za ngozi ya kwanza, bali hufika kama sehemu 80 katika 100. Zamani watu wengi, na madaktari pamoja nao, waliona ni vema kidonda kikaushwe kifanye kigaga kigumu. Mwaka 1962 Mwingereza mmoja, George Winter, alionyesha kwa majaribio juu ya nguruwe kwamba ngozi hutambaa upesi zaidi mahali palipofunikwa penye unyevu kuliko mahali pakavu penye kigaga. Tangu hapo mashauri yamegeuka.

Basi fikirini juu ya bibi zetu waliofunika kidonda kwa jani changa la mgomba, tukawacheka. Mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, katika Bara Hindi, waliandika habari za bendeji za majani ya mgomba walizozitumia hospitalini. Waliyasafisha majani kwa mvuke wenye nguvu mpaka vijidudu vyote vikafa, wakafunika nayo mahali palipotolewa ngozi. Jani la mgomba ni laini, haligandi na nyama, wala mgonjwa halii wakati wa kulifungua, na bei yake ni ndogo mno. Tofauti kati ya bibi na daktari ilikuwa katika ule mvuke. Twaomba mkumbuke jambo hilo, kwa kuwa litarudi mara nyingi.

Katika nchi hizi za milima na za chini yake wazee walikiogopa kidonda kimoja kuliko vingine vyote, ndicho donda ndugu. Aghalabu hutokea chini ya goti, huanza kwa mchubuko ambao mtu hata haukumbuki, na kwa siku chache tu hupanuka, hunuka, na kula nyama mpaka mfupa. Vijidudu vyake vyajulikana: huwa vya namna mbili au zaidi vikifanya kazi pamoja, navyo hupenda mahali pasipo hewa. Liliwashika hasa watu waliokuwa na njaa na waliotembea miguu mitupu katika matope, yaani watoto, na vibarua wa mashamba. Buba nayo ilitia watu madonda mengi, lakini hiyo ilipata adui wake katika miaka ya 1950, sindano moja ya penisilini. Donda ndugu halikuwa na adui mmoja kama huyo. Hutaka kuoshwa, chakula chema, kupumzisha mguu, na dawa ya kuua vijidudu; na likiisha kuwa kubwa, ngozi hupandikizwa na daktari. Leo limepungua sana, ila halijakwisha.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe. Hatutaitaja yote, maana kila nyumba ina wake, na wengine tungekosea majina.

Mshubiri wajulikana na wote. Jani lake lina maji ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya. Ukilikata, kwanza hutoka maji ya manjano, machungu sana, yatokayo chini ya ganda. Hayo ndiyo shubiri ya madukani, huendesha tumbo kwa nguvu, na huweza kuwasha ngozi. Ndani kabisa uko ute mweupe, baridi, usio na uchungu mwingi. Ute huo ndio wenye kazi kwa mtu aliyeungua kidogo. Basi jani lioshwe, likatwe, lisimamishwe wima mpaka manjano yote yatiririke, kisha limenywe na kuoshwa tena. Walakini kabla ya mshubiri yatangulia maji: mtu aliyeungua atiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Hakuna jani lifanyalo kazi ya zile dakika 20. Wala hatutasema kwamba mshubiri umethibitishwa kwa kila kidonda. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya watu wenye vidonda vizito, wakaona ushahidi wake ni haba na dhaifu. Kwa kuungua kidogo jikoni unafaa. Kwa donda la miezi miwili usiutumainie.

Mbono kaburi, uliopandwa na babu zetu makaburini na kwenye mipaka ya mashamba, una utomvu ambao wachungaji huutia katika jeraha bichi ili damu isimame. Habari yake imetushangaza kuliko zote. Mwaka 2003 wataalamu wa Nijeria waliupima utomvu huo na damu: ulipotiwa mzima bila maji, damu iliganda upesi, ulipochanganywa na maji mengi, damu ilichelewa kuganda. Dawa moja, kazi mbili zipinganazo, na kilichozitenga ni kipimo. Tena mbegu za mti huo ni sumu, nazo zina ladha tamu kidogo, na watoto huzila. Basi mtu asiwafundishe watoto kuchezea mti huo kwa jina la dawa.

Mpapai twausemea kwa urefu zaidi, kwa sababu mama zetu waujua kazi yake ingawa hawakujua kwamba waijua. Nyama ikiwa ngumu, mama huifunga katika majani ya mpapai, au huipaka papai bichi, nayo hulainika. Katika utomvu mweupe wa mpapai kuna kitu kiitwacho papaini, nacho huyeyusha nyama. Katika siku za Tanganyika wakulima waliugema utomvu huo, wakaukausha na kuuza ng'ambo. Sasa fikirini: juu ya donda bovu huwa na utando wa nyama iliyokufa, wa rangi ya manjano au nyeusi, na chini yake vijidudu hujificha. Utando usipotoka, nyama mpya haioti. Daktari huukata kwa kisu. Papai huula polepole, na kidonda kikibaki chekundu na safi, ngozi huweza kutambaa. Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Banjul, katika nchi ya Gambia, waliandika kwamba walitumia papai lililopondwa juu ya watoto walioungua vibaya, wakalibadilisha kila siku, nalo likaondoa nyama iliyokufa vizuri. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mambo ya kienyeji. Dawa za bei kubwa hazikupatikana, na papai lilikuwa sokoni.

Ila si kila mtu alivumilia. Wako watu ambao miili yao hukataa papaini, nao hupata upele, kuvimba, au kupungukiwa na pumzi. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilisimamisha marhamu za papaini zilizouzwa huko bila idhini, kwa sababu ya habari za watu waliodhurika kwa namna hiyo. Basi sisi hatuagizi mtu kujipaka utomvu mbichi wa papai nyumbani. Twasema tu kwamba bibi aliyelijua papai hakuwa mjinga, na kwamba kazi yake yafaa ifanywe mbele ya muuguzi.

Majani ya mpera, na maganda mengi ya miti yaufanyayo ulimi ukauke na kukunjamana, yana kitu cha kukaza. Hukaza nyama ya juu, hupunguza damu na maji yatokayo. Hicho ndicho kitu kile kile watengeneza ngozi walichokitumia tangu zamani kuigeuza ngozi mbichi ya mnyama isioze. Watu huchemsha majani ya mpera na kuosha vidonda vidogo kwa maji yake yaliyopoa. Kwa kuwa yamechemshwa, hatuoni ubaya.

Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, na jina lake lasema kwamba huponya magonjwa arobaini. Sisi twamwogopa mti mwenye sifa nyingi kama tumwogopavyo mtu mwenye sifa nyingi. Ni kweli kwamba majani na mafuta yake huzuia vijidudu vya namna kadha wa kadha katika vyombo vya majaribio, na watu wenye upele hupata nafuu. Lakini kijidudu kilichokufa katika kisahani si kidonda kilichopona juu ya mguu wa mtu. Hata chumvi nyingi na siki huua katika kisahani. Tena mafuta ya mbegu zake yasinywewe na watoto hata kidogo. Huko Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walishikwa na degedege na kuharibika ini, na wengine walikufa.

Kuna mama mmoja aliyetuambia, "Mwalimu, mwanangu, umesema miti mingi, mbona umeisahau asali?" Hatukuisahau. Asali si maji ya jani, ila nyuki ameitoa katika maua, nasi twaihesabu humu. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka katika vijidudu, ukali wake huvizuia, tena ikichanganyika na maji ya kidonda huzaa kidogo kidogo dawa ile ile itokayo povu ambayo wauguzi huitumia kuoshea. Mwaka 2015 wataalamu waliokusanya majaribio ya nchi nyingi walithibitisha kwamba mtu aliyeungua bila kuzama sana, akifungwa kwa asali, hupona mapema kwa siku nne hata tano kuliko akifungwa kwa bendeji za kawaida. Hapa ushahidi una nguvu kuliko wa majani yote tuliyoyataja. Taabu ni kwamba asali ya hospitali husafishwa kwa namna ya pekee, na asali ya barabarani mara nyingi ina maji ya sukari na miguu ya nyuki.

Kitunguu saumu kisifungwe juu ya ngozi. Huunguza. Tumeona malengelenge makubwa kama ya moto kwa kijana aliyefungwa usiku kucha, wala hatutaongeza neno.

Sasa twapenda kuvuka bahari kidogo, mpaka Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Uko mmea mdogo utambaao mahali penye majimaji, majani yake ya mviringo yenye mkato kama figo. Wataalamu huuita Centella asiatica, na watu wa Bukini huuita talapetraka. Waliutia katika vidonda tangu zamani. Katika miaka ya 1940 Mfaransa Pierre Boiteau na wenzake walitoa katika majani hayo kitu kiitwacho asiatikosidi, wakakijaribu juu ya madonda ya wakoma. Kikaonekana kwamba husaidia nyama mpya kufuma zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu. Kutoka humo ikafanywa marhamu iitwayo Madécassol, nayo huuzwa mpaka leo. Mmea huo huo waota katika mabonde yetu yenye maji, na ng'ombe huukanyaga.

Kwa kuwa tumewataja wakoma, hatuwezi kupita bila kusema habari zao, maana misioni nyingi za Afrika ya Mashariki zilianza kazi ya uuguzi kwa ajili yao. Mkoma hupata vidonda kwa sababu hasikii maumivu. Hukanyaga kaa la moto au mwiba asijue. Kabla ya mwaka 1950 dawa yao kubwa ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra, utokao katika nchi za Bara Hindi na Burma. Mafuta hayo yalikuwa mazito, yakinywewa yalitapisha, yakichomwa kwa sindano yalikaa chini ya ngozi kama mawe. Mwaka 1915 binti mmoja Mmarekani mweusi, Alice Ball, aliyekuwa akifundisha elimu ya kemia katika chuo cha Hawaii, alivumbua njia ya kuyageuza mafuta yale yapate kuingia mwilini kwa sindano. Alikufa tarehe 31 Desemba 1916, umri wake miaka 24. Mtu mwingine akaiendeleza kazi yake na kuitangaza bila kulitaja jina lake, mpaka mwaka 1922 daktari mmoja aliyemfahamu alipoandika ukweli. Sindano hizo zilileta nafuu kwa wengine, hazikuumaliza ukoma. Zilishindwa na vidonge vya daposoni, na tangu mwaka 1981 na dawa za mchanganyiko, ambazo leo hutolewa bila malipo. Basi mkoma wa leo hana sababu ya kutafuta mafuta yale. Mtu mwenye baka lisilosikia kuguswa aende apewe vidonge.

Tumeisimulia habari ya binti yule kwa sababu tumewaza juu ya bibi zetu. Walioijua miti yetu walikufa, na majina yao hayakuandikwa popote. Majina ya miti yaliandikwa zaidi kuliko ya watu. Hapa kwetu, huko Amani katika milima ya Usambara, Wadachi walianzisha mwaka 1902 chuo cha kujaribu mimea, na baadaye, wakati wa Waingereza, P. J. Greenway aliyefanya kazi huko alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Mwaka 1976 John Kokwaro wa Kenya alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Muhimbili, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili, nacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na waganga wa majani wakapata baraza lao la kuwaandikisha. Basi sisi walimu tulikuwa tukiwafukuza kanisani watu ambao serikali iliwaita mezani.

Mtatuuliza, je, twafanyaje vigangoni? Tumepatana mambo machache na wauguzi, nayo twayafuata ijapokuwa si wote wameyapenda. Kidonda chochote huoshwa kwanza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na chumvi kijiko kidogo kimoja kwa nusu lita. Jani bichi lililotwangwa juu ya jiwe la uani haliingii katika jeraha lililo wazi, hata likiwa jani jema kuliko yote, maana jiwe lina udongo, na udongo una pepopunda. Kijidudu cha pepopunda hukaa ardhini na katika samadi miaka mingi bila kufa. Wauguzi wametusimulia jinsi zamani watoto wachanga walivyokazana taya siku ya saba baada ya kitovu kupakwa majivu au samadi, wakashindwa kunyonya, na mama akiwa amekaa tu akiwatazama. Tulizika wengi, na baadhi yao sisi wenyewe tuliwabatiza kwa haraka usiku. Kwa chanjo ya akina mama na kwa uzazi safi, mwaka 2012 Tanzania ilihesabiwa kuwa imeushinda ugonjwa huo kwa wazazi na watoto wachanga. Walakini udongo ni ule ule, na kitovu cha mtoto hakitaki dawa ya shamba ya namna yoyote.

Kidonda kisichoonyesha kupona baada ya majuma mawili, na kidonda chochote cha mtu mwenye kisukari, na kile chenye kunuka, na kilichotokana na kuumwa na mbwa, na kuungua kulikopita ukubwa wa kiganja cha mgonjwa, hivi vyote vyaenda zahanati siku hiyo hiyo, majani yakiwapo au yasiwepo. Nasi tumepatana juu ya jambo moja lililo gumu kwetu: mwalimu haulizi mbele ya watu ni nani aliyefunga jani. Humwendea mtu nyumbani, huketi, hunywa maji, kisha husema, "Mzee, shikamoo, nimekuja kuutazama mguu." Tumeona kwamba mtu akiulizwa hivyo, mara nyingi hulitaja jani mwenyewe, na muuguzi akilijua huweza kujua kama limedhuru. Tulipokuwa tukikaripia, hatukuambiwa kitu.

Yule mzee wa iliki amerudi kanisani. Alikuja Jumapili ya Matawi, kwa magongo, mkewe akimfuata. Mwalimu aliyemwaibisha alimwomba radhi mlangoni, mbele ya watu wote, kama alivyomwaibisha mbele ya watu wote. Mzee akamjibu kwamba amesikia, akaingia kuketi. Hakusema zaidi ya hayo, wala hatujathubutu kumwuliza zaidi.

Baada ya chakula, wauguzi watakaa chini ya mwembe ulio karibu na shule, nao wataleta maji, sabuni na bendeji. Mwenye kidonda aende, akiwa Mkristo au si Mkristo. Tumewaomba pia akina bibi watatu walioleta majani yao katika vikapu waketi hapo hapo pamoja na wauguzi, na kijana mmoja wa shule ataandika majina ya majani hayo kwa Kiswahili, kwa Kisambaa na kwa Kibondei, na pembeni ya kila jani ataandika jina la bibi aliyelileta.